Kengele ya Neno la Pili

Ukimuuliza hali mume wangu Himid, atakwambia hajambo. Hata akiwa katumbukia kisimani, ukimchungulia tu ukamuuliza, atakujibu huko huko chini: "Sijambo, al hamdulillah. Nyie hamjambo?" Nimeolewa naye ningali msichana na sijamsikia hata siku moja akisema anaumwa. Jino lake la nyuma liling'olewa mie sina habari. Nilikuja kujua kwa kumuona anatafuna upande mmoja.

Sasa msikilizeni. Tulikwenda spitali Nizwa, daktari akamkalisha kitako akamweleza kinagaubaga: mishipa ya moyo imeziba, lazima apasuliwe, na Maskati wameshampangia siku. Mie nilikuwepo, nimekaa ubavuni pake na mkoba wangu mapajani. Tunarudi kwetu Ibra, hapa hapa Oman, mie naendesha, simu ikalia. Nahla, binti yetu, anauliza daktari kasema nini. Himid akamjibu, "Kasema sijambo."

Niliweka gari pembeni, nikazima.

"Wewe mwanamme," nikamwambia, "unataka nife mie kabla yako?"

"Yuko kazini, Shadya, asije akahangaika."

"Na Alya je?"

Hapo akageuza uso akatizama milima. Baadaye akaniapisha kwamba sitomwambia mtu mpaka aseme mwenyewe, na mie kwa ujinga wangu nikaapa. Nikawasha gari tukaendelea.

Alya ni dada yake, mdogo wake wa pekee, yuko Lille, Ufaransa, na mumewe na wanawe. Wote wawili wamezaliwa Bujumbura, babu yao alikwenda huko kutoka hapa hapa Ibra kufanya biashara, na ndiyo maana Kifaransa wanakisema hata usingizini. Mie wa Unguja, sijui hata salamu yake. Zamani wakitaka kunisengenya wakisema Kifaransa mbele yangu, na mie nikiwasonya. Siku hizi natamani wanisengenye.

Maana Alya hasemi na kaka yake tangu mama yao alipofariki. Mama mkwe wangu aliumwa muda mrefu, humu humu ndani, chumba kile chenye dirisha la kwenye mitende. Kila Ijumaa Alya akipiga simu. "Mama hajambo?" "Hajambo, anakusalimu." "Nipe niseme naye." "Kalala." Alya wakati huo kajifungua kwa kupasuliwa, na Himid alisema apoe kwanza, asije akapanda ndege na kidonda tumboni. Na ndivyo tulivyolelewa sote. Mtu akikuuliza habari, unasema njema, hata kama maiti iko chumbani. Ukishasema njema ndiyo taratibu unaleta la pili. Himid la kwanza alilisema vizuri sana. La pili hakulifikia. Mama mkwe akakata roho, na kabla kaka mtu hajashika simu, mpumbavu mmoja wa ukoo akatia rambirambi kwenye kundi la WhatsApp. Alya aliisoma yuko sokoni, kashika mfuko wa viazi.

Alikuja. Akakaa na wanawake, akasoma, akalia, akaondoka. Shikamoo hakumpa kaka yake wakati wa kuingia wala wakati wa kutoka, na huyo ni mtu aliyekuwa akimwamkia kaka yake mpaka kwenye barua. Tangu hapo ikifika Idi ananiletea salamu mie, mie peke yangu. Himid huniuliza, "Hajambo lakini?" Namwambia hajambo. Yeye huitikia kwa kichwa na kurudi kwenye televisheni.

Hapo kwenye televisheni ndipo penye kipindi chenyewe. Kina jina refu la Kifaransa, mie nakiita Kengele. Watu wanacheza wawili wawili. Mmoja anaoneshwa neno, mwenzake halioni. Yule anayeliona anatakiwa amsaidie mwenzake alitambue, lakini kwa neno moja tu kila mara. Akisema mawili, kengele. Mwenzake akijibu sivyo, kengele. Na pembeni kuna saa inakimbia. Ndiyo mchezo wote huo, na watu wazima wanalipwa mshahara kuuendesha.

Himid haukosi. Ikifika alasiri yuko mbele ya skrini, miguu juu ya kigoda, anampigia kelele mtangazaji. Nikidhani anapenda maneno tu, maana alipokuwa na duka lake la kutengeneza pampu za mashamba alikuwa akibishana na wateja kutwa. Nahla ndiye aliyenifungua macho.

"Mama, hujui? Shangazi Alya anaangalia kipindi hiyo hiyo. Saa hiyo hiyo. Baba anajua."

"Hicho hicho," nikamwambia. Watoto waliozaliwa hapa Kiswahili chao kina matobo. Halafu nikaenda jikoni nikakaa peke yangu. Kumbe ndivyo wanavyokaa pamoja, huyu Ibra na yule Lille, kila mtu anamjibu mtangazaji badala ya kumjibu mwenzake! Niliwaonea huruma, na hapo hapo nikataka kuwapiga wote wawili.

Basi wakatangaza wiki ya ndugu wanaoishi mbali mbali. Mmoja aende studio, mwenzake acheze kwa video akiwa kwake. Nahla akaandika bila ya kumuuliza mtu, wakakubali, akampelekea ujumbe shangazi yake. Alya akajibu: "Nitacheza. Kuzungumza sizungumzi." Himid akasomewa jibu hilo mara mbili.

"Kwa hiyo hajambo," akasema.

Mie nikaangalia tarehe. Mchezo ulikuwa kabla ya Maskati. Mdomo wangu ulikuwa na kiapo, lakini kiapo hakinizuii kutumai, na tumaini langu lilikuwa moja: waonane tu, hata kwenye kioo, Himid aseme kwamba anakwenda kupasuliwa moyo. Dada yake akijua, atasema naye. Asije mtu akafunguliwa kifua na damu yake haisemi naye! Nilipomwambia hivyo, alinijibu kuwa hatomrushia Alya maradhi kama mtu anayeomba sadaka. Nikamwambia ndilo kosa lile lile la kwa mama. Akaniuliza kama kahawa iko tayari.

Haya, mazoezi nilimfanyisha mie. Nahla alituandikia maneno, nami nikakaa na dele, birika letu la kahawa, na kijiko cha chuma. Mtu akizidisha neno, napiga dele: ngaa! Kwanza tukajaribu mie nisaidie yeye abashiri. Neno likawa halua. Nikaanza, "Kile alicholeta kaka yangu Abdulsamad siku ile ya harusi ya..." Himid akanipokonya kijiko akapiga yeye. Nikamwambia basi, mie Mungu hakuniumba kwa ajili ya neno moja, tubadilishe. Yeye alikuwa hodari, haki yake nampa. "Tumbaku" akanisaidia kwa jina la marehemu mjomba wangu, nikajua hapo hapo.

Tatizo lilikuwa moja. Hakubali kuanza.

"Kwanza nimsalimie mtu," akasema.

"Saa inakimbia, bwana wee!"

"Na ikimbie. Niwaingilie watu nyumbani kwao kama mwizi, bila ya hujambo?"

"Utafungwa mchezo."

"Nikifungwa nimefungwa na adabu yangu."

Nilipiga dele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Siku yenyewe ikafika. Abdulsamad akaja kutoka Al Qabil na sinia la halua na wanaume wawili wasiojua Kifaransa wala Alya ni nani, wamekuja kwa sababu walikuwa garini. Nahla kaweka kompyuta juu ya meza ya majlis, chumba chetu cha wageni, mie kahawa na tende. Himid kavaa dishdasha jipya na kilemba cha Idi, kajifukiza udi. Nikamwambia televisheni haipeleki harufu. Akasema yeye mwenyewe anaisikia.

Skrini ikafunguka, Alya huyo, yuko kule studio. Kazeeka. Mvi zimechungulia kwenye mtandio, na kile kidevu ni cha mama yake mtupu. Nikataka kulia, nikala tende. Alya akatizama huku akatizama kule, akawa anamtizama kila mtu isipokuwa kaka yake.

Mtangazaji ni kijana wa koti la buluu, mwenye meno mengi. Akamkaribisha Himid kwa Kifaransa. Himid akamshukuru, akamuuliza hali yake, kazi, watoto, wazee wake. Yule kijana akacheka akajibu kila swali, na Nahla ananinong'oneza tafsiri: kazi nzuri, watoto hana, baba yuko salama, mama kapasuliwa goti na bado hatembei vizuri. Nikamgeukia mume wangu nikamkazia macho. Umeona? Kaulizwa, kasema, na paa halikuanguka.

Wakaanza. Mzunguko wa kwanza Alya anasaidia, Himid abashiri. Saa ikaondoka.

"Mto," akasema Alya.

Himid akakaa vizuri, akamwambia kwa Kiswahili, "Alya, hujambo mwanangu?"

Kengele. Mashine yao ilihesabu kuwa ni jibu, na si sahihi.

"Kuvuka," akasema Alya.

"Watoto hawajambo?"

Kengele.

"Mbao."

"Na shemegi, hajambo?"

Kengele.

Hata mie nilishalijua: daraja. Abdulsamad naye, baada ya kutafsiriwa, alilijua. Wale wanaume wawili wa garini walilijua. Ndani ya majlis ile asiyelijua alikuwa mmoja tu, naye hakuwa anasikiliza maneno. Alikuwa anangoja shikamoo. Kaka mtu kakaa pale, kilemba kimenyooka, anangoja mdogo wake amwamkie ndipo mambo mengine yafuate, na saa ya Wafaransa inakimbia.

"Lakini si amjibu tu!" akasema Abdulsamad.

"Atamjibu vipi na mchezo unakwenda?" nikamwambia.

"Wausimamishe."

Hawakuusimamisha. Muda ukaisha, wakapata sifuri. Mtangazaji akasema hajapata kuona mchezaji aliyetulia namna ile. Alya alikuwa kauma midomo, na mie namjua, zile zilikuwa hasira za kweli. Nikasema moyoni khalas, imeharibika, sasa tumempa na sababu mpya.

Mzunguko wa pili wakageuza. Neno likatokea kwenye skrini yetu, Alya halioni, na Himid ndiye wa kumsaidia. Safari hii hakusalimia mtu. Uso ulikuwa umemshuka.

Neno la kwanza lilikuwa mwavuli.

"Baba," akasema Himid.

"Mwavuli," akasema Alya, hapo hapo.

Mtangazaji akatoa macho. Kwao baba na mwavuli wapi na wapi? Yeye hakumjua baba mkwe wangu, aliyekuwa akitembea Bujumbura nzima na mwavuli mweusi, masika na kiangazi, akimwonyeshea mtu njia kwa huo mwavuli, akiwachapa wanawe kwa huo mwavuli.

Neno la pili, kuku.

"Ijumaa," akasema Himid.

"Kuku," akasema Alya.

Hapo nikauona mdomo wa Alya umelegea kidogo pembeni. Kwao kuku akichinjwa Ijumaa tu. Abdulsamad akapiga goti lake kwa furaha, Nahla akamwambia shh.

Neno la tatu likatokea. Nahla alilisoma, akachelewa kulitafsiri, nikambana kwa kiwiko.

"Mgonjwa," akaninong'oneza.

Saa inakimbia. Kulikuwa na maneno mangapi rahisi pale, Mola wangu! Daktari. Dawa. Spitali. Mtoto wa chekechea angelisaidia. Nikaona mkono wake unapanda taratibu, ukaja ukatua kifuani, juu ya moyo. Nikasema hewala, sasa hivi atasema "mimi". Sema, Himid. Neno moja tu, na kengele haitolia. Sema.

Akafungua mdomo.

"Mama," akasema.

Alya hakujibu hapo hapo kama alivyojibu mengine. Akamtizama kaka yake. Kwa mara ya kwanza tangu skrini kufunguka, akamtizama machoni, na saa inakwenda, na mtangazaji anapunga mikono kumhimiza. Hata Abdulsamad kaacha kutafuna.

"Mgonjwa," akasema Alya.

Wakapiga makofi kule studio. Mtangazaji akataka kujua kalijuaje neno lile, kwa sababu wasaidizi wake wamekaa wakifikiria maneno mengine kabisa. Alya akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Akasema maneno machache. Nahla hakunitafsiria, ikabidi nimbane tena.

"Kasema, 'Kaka yangu ndiyo kwanza ananambia.'"

Wakashindwa, maana sifuri ya mwanzo haikufidika. Walifungwa na ndugu wawili kutoka Dakar wasiosalimiana na mtu. Skrini ikazimwa, na shikamoo haikuja. Wale wanaume wa garini wakasema mchezo mzuri, wakaomba halua ya njiani.

Wageni walipoondoka nilimshukia Himid bila ya huruma.

"Nafasi uliipata! Mkono ulikuwa kifuani! Ungesema 'mimi' ungepungukiwa na nini? Maneno yote uliyoyaona ukaona mama, aliyekwisha lala zamani?"

Akavua kilemba, akakikunja pole pole juu ya goti.

"Zamu ya mama ilikuwa mbele ya yangu," akasema.

Nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha.

Siku ya pili yake, alasiri, Himid hakufungua televisheni. Tumekaa, dele katikati yetu, simu yake ikalia. Akaitizama, akaniwekea mbele ya uso nisome jina, kama vile yeye haoni. Alya. Nikamwambia shika, unangoja nini, nikambonyezea mwenyewe sauti ya nje.

Kule mtu akapumua kwanza. Halafu:

"Shikamoo, kaka."

Himid alisimama. Sijui alidhani anaonekana, alisimama wima na simu mkononi.

"Marhaba, mwanangu. Marhaba. Marhaba."

"Habari za hapo?"

"Njema," akasema Himid, na akaanza kutiririka. "Njema, al hamdulillah, sote hatujambo, Shadya hajambo, Nahla hajambo, mie mwenyewe mzima wa..."

Nikachukua kijiko nikalipiga dele. Ngaa!

Akanigeukia. Akanitolea macho ya kuniomba, kisha macho ya kunikataza. Mie nimekaa kimya, kiapo changu mdomoni, kijiko changu mkononi. Wallahi sikusema hata herufi.

"Nini hiyo?" akauliza Alya.

Nikapiga tena. Kahawa ikamwagika kwenye sinia.

"Kengele," akasema Himid.

Alya si mjinga, na kipindi anakijua kuliko mie. Alipokuja kusema tena, alisema taratibu.

"Umekosea wapi, kaka?"

Himid akakaa. Akatizama dirisha la kile chumba cha mama yake, ng'ambo ya ua, na mkono ukapanda kifuani pale pale ulipotua jana. Nilikuwa nimekinyanyua kijiko, tayari. Nilikuwa nalia na kijiko juu.

"Moyo," akasema.

"Lini?"

"Jumapili."

Sasa nilimsikia Alya anasukuma kiti, na mlango, na watoto wanauliza kitu kwa Kifaransa na yeye hawajibu. Himid kafumba macho. Kijiko bado kiko juu, nami naomba Mungu asinipe sababu ya kukitumia.

"Nakuja," akasema Alya.

Nikakiweka kijiko chini.